Nyumba Iliyofutwa Pichani

9 Februari

Mwanangu Chongo,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mkeo na kazi zenu. Huku tunaendelea vizuri, isipokuwa magoti yangu, ambayo siku hizi yanalalamika kabla yangu kila ninapoinuka. Dada yako alijifungua salama mwezi uliopita, mapacha, wote wa kike. Niliitwa kusaidia ingawa nimestaafu mwaka wa tatu huu. Mkunga mpya wa zahanati ni binti mzuri, lakini mtoto wa pili alipojitokeza alirudi nyuma hatua moja. Nikamwambia, "Wa kwanza ameshafungua njia, huyu anafuata tu." Akacheka, na mtoto akatoka. Dada yako anakusalimu na anauliza utakuja lini kuwapiga picha.

Nakuandikia kwa sababu simu siisikii tena. Ukiongea nasikia mlio tu, kama nyuki ndani ya kopo. Ujibu kwa sanduku la posta la zahanati, karani wao ananiletea.

Sasa nije kwenye lililonishikisha kalamu. Ulisikia bonde letu lilivyotangazwa kuwa la urithi miaka mitano iliyopita, kwa ajili ya yale matuta ya mawe mlimani na daraja la matao matatu. Sheria yao ni kwamba nyumba iliyokuwapo kabla ya tangazo inabaki, na iliyojengwa baada yake inabomolewa. Mimi sikuwa na hofu. Nyumba hii ina miaka thelathini na moja. Wewe mwenyewe uliingia humu ukiwa na miaka minane, mama yako alipofariki, ukalala kwenye mkeka pale dirishani wiki nzima kwa sababu hukutaka kitanda.

Wiki iliyopita alikuja afisa wa mambo ya kale. Kijana mwenye adabu, alivua viatu mlangoni ingawa nilimkataza. Akatoa kalenda yenye ile picha yako iliyopata tuzo. Chini yake imeandikwa mwezi na mwaka ulioipiga, yaani mwaka mmoja kabla ya tangazo. Akaweka kidole kwenye kona ya mto, juu ya tuta la tatu, akasema, "Mama, hapa ndipo tulipokaa sasa hivi. Mbona hakuna nyumba?"

Nikamwambia awaulize majirani. Akasema mashahidi hawapokelewi tena, kwa kuwa mwaka jana watu walishuhudiana uongo juu ya vibanda vilivyojengwa juzi. Majalada ya zamani ya ardhi yameliwa na mchwa. Kwa hiyo picha yako ndiyo ushahidi walio nao.

Wewe ndiye uliyeipiga. Mwandikie neno moja umweleze. Huenda ulisimama mahali ambapo nyumba haionekani. Wewe ndiye unayejua mambo ya kamera.

Nisalimie mkeo.

Shangazi yako


27 Machi

Shangazi, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Studio ilikuwa imejaa. Ni msimu wa watu kuomba hati za kusafiria, na kutwa nzima nawaambia watu wainue kidevu na wasitabasamu. Jioni mbili kwa wiki bado nafundisha chuoni. Wanafunzi ni thelathini na kamera ni kumi na moja, kwa hiyo nusu ya kazi yangu ni kuamua ugomvi. Mke wangu hajambo. Amehamishiwa kitengo kingine kazini kwake, anasema kiti ni kizuri zaidi ila bosi ni yule yule.

Nimefurahi sana kusikia habari za mapacha. Mwambie dada anitumie picha zao hata za simu. Na hayo magoti, tafadhali usiyafanyie mzaha, nenda ukapime. Huku kuna mafuta ya kuchua ambayo mama mmoja jirani ameyasifia. Nimekutumia chupa mbili kwenye kifurushi hiki.

Kuhusu ile picha. Asubuhi ile kulikuwa na ukungu, Shangazi. Wa bondeni unaujua mwenyewe, unavyopanda kutoka mtoni na kutulia juu ya matuta. Bila shaka nyumba ilifunikwa. Nimemwandikia afisa barua kueleza hivyo, nimeigonga mhuri wa studio, nayo imo humu ndani. Mpe. Naamini jambo litaishia hapo.

Nina safari ya kikazi mwezi ujao, kwa hiyo barua zikichelewa usishangae.

Wako,
Chongo


15 Aprili

Mwanangu,

Mafuta nimeyapokea, asante. Yananukia vizuri. Mapacha wanaongezeka uzito, mmoja analia kwa zamu yake na kwa zamu ya mwenzake.

Barua yako nilimpa afisa. Hakuisoma peke yake. Aliitisha kikao kwenye darasa la shule, kwa sababu nyumba zinazobishaniwa ni nne na alitaka watu wote wasikie jinsi anavyoamua, asije akaambiwa anapendelea. Akaibandika kalenda ubaoni, akasoma maneno yako kwa sauti. Kisha akaniita mbele.

"Mama," akasema, "hapa naona mstari wa mahindi. Naona njia ya kwenda mtoni. Naona mpaka ndoo iliyoachwa kando ya njia. Huu ukungu ulichagua nyumba yako peke yake?"

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, unawajua. Nami nikacheka, kwa kuwa nilikuwa nimesimama mbele ya watu ambao nusu yao niliwapokea kwa mikono yangu walipozaliwa, na sikujua hiyo mikono niiweke wapi.

Fundi mwashi, yule anayetengeneza daraja, alisimama akasema yeye mwenyewe aliweka jiwe la pembe la nyumba yangu. Afisa akamwambia akae, na akakaa. Halafu likaja jingine. Afisa alisema ana maelezo ya mtu wa zahanati kwamba hata mimi mwenyewe niliwahi kusema nyumba yangu haimo kwenye picha ile. Akaniuliza kama ni kweli nilisema. Nikasema ni kweli.

Hilo tuliache.

Sikulaumu na sina mengi ya kuuliza. Niambie tu ulisimama wapi.

Shangazi yako


30 Mei

Chongo,

Habari za nyumbani ni zile zile. Mvua imekatika mapema.

Jana walikuja na kopo la rangi nyekundu wakapiga alama ya X kwenye ukuta wa mbele, kati ya mlango na dirisha. Natakiwa niwe nimetoka ifikapo mwisho wa Agosti. Dada yako amesema nihamie kwake. Ana vyumba viwili, mume, mapacha na mama mkwe, lakini amesema.

Nimesubiri barua yako wiki sita. Kama ni posta, basi. Kama si posta, basi pia.

Shangazi


18 Juni

Shangazi yangu, shikamoo.

Si posta. Na hakukuwa na safari ya kikazi.

Barua zako zote mbili zilifika kwa wakati. Ile ya Aprili niliisomea studio, nimesimama nyuma ya pazia la kupigia picha, mteja akinisubiri kwenye kigoda. Niliikunja nikaitia mfukoni, nikatoka kumwambia yule mtu ainue kidevu. Nimetembea nayo kwenye ule mfuko mpaka imechanika kwenye mikunjo. Kila nilipokaa kukujibu niliandika "shikamoo" nikaishia hapo.

Asubuhi ile hakukuwa na ukungu juu ya nyumba yako. Ukungu ulikuwa mtoni tu. Nilikuwa nimesimama kwenye jiwe pana la mlima wa ng'ambo, na nyumba ilionekana yote, katikati kabisa ya picha. Niliifuta. Niliifuta kwa kompyuta, hapa mjini, niliporudi kutoka msiba wa baba. Nilichukua mahindi ya shamba la pembeni nikayapandikiza mahali ilipokuwa. Ilinichukua siku mbili. Nilifanya kazi safi, na ndiyo maana hakuna aliyegundua.

Utaniuliza kwa nini. Nitakwambia ingawa natamani ardhi ipasuke. Ni lile paa. Nusu kutu, nusu lile bati la buluu ulilopewa walipobomoa kibanda cha mizani. Nilikuwa nikiitazama picha kwenye kioo cha kompyuta na kusikia jinsi watu wa mashindano watakavyosema: bonde zuri, mawe ya kale, daraja, na katikati banda la maskini. Nilijua hawatajua ni kwetu. Lakini mimi ningejua, na ningekaa kwenye ule ukumbi nikiwa na suti nikitazama paa letu likitazamwa. Niliionea haya nyumba iliyonilea, Shangazi. Hilo ndilo neno lenyewe, sina jingine la kulipamba.

Na masharti ya mashindano yalisema picha isiongezwe wala isipunguzwe kitu. Nilitia sahihi.

Kuna jambo jingine, na hili hakuna aliyeniuliza. Ningeweza kunyamaza usijue maisha yako yote. Wewe umo kwenye ile picha. Umesimama uani karibu na kamba ya nguo, umeinua mkono, kiganja kwenye paji la uso, unatazama juu mlimani. Ulikuwa unanitafuta. Nilikuona wakati nabonyeza, na nilikuona tena kwenye kompyuta. Nilikufuta wewe kwanza, ndipo nikafuta nyumba.

Halafu nikatuma kalenda zile kwa kila mtu isipokuwa wewe. Nikatoa visingizio kila mwaka nisije. Hata ile safari ya msiba wa baba, nilipopanga chumba kwenye nyumba ya wageni, nilikwambia ni kwa ajili ya mwanga wa alfajiri. Nilitaka kitanda na bafu. Ulisema, "Sawa, kazi ni kazi," na ukanifungia chakula nikale huko.

Picha ya asili ninayo kwenye diski, haijaguswa. Nitaipeleka. Usijibu barua hii mpaka nimefanya ninalosema.

Chongo


11 Julai

Shangazi, shikamoo.

Sijapata neno lako na sikulitarajia. Nakuandikia kukupa habari tu.

Tarehe 24 mwezi uliopita nilikwenda makao makuu ya mambo ya kale. Ni jengo la ghorofa tatu lenye harufu ya karatasi zilizolowa. Nilikaa kwenye benchi tangu wanafungua hadi saa saba mchana. Alinipokea mkuu wa kitengo, mama mtu mzima, miwani ameifunga kamba shingoni. Nilimwekea picha mbili mezani. Alizitazama muda mrefu, mara hii mara ile, kama mtu anayelinganisha sahihi.

"Hii ya kwanza tumeitundika kwenye ofisi kumi na nne," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na barua ya ukungu uliandika wewe?"

"Mimi."

"Huyu mwanamke ni nani?"

Nikamwambia ni shangazi yangu, ndiye aliyenilea. Hakunitukana. Aliitoa miwani akaiacha ining'inie, akaniambia niandike maelezo yote kwa mkono, kwenye karatasi ya serikali, nitie kidole gumba. Niliandika kurasa tatu. Alizisoma mbele yangu, akanirudishia ya pili. "Umeandika 'nyumba iliondolewa,'" akasema. "Iliondolewa na nani? Andika tena."

Siku iliyofuata nilikwenda kwa watu wa mashindano. Wameshanivua tuzo na jina langu wamelitoa kwenye orodha. Ngao niliwarudishia mwenyewe. Katibu wao, ambaye kila sikukuu alikuwa akinitumia ujumbe, aliipokea mlangoni bila kunikaribisha ndani.

Chuoni niliomba niwaambie wanafunzi mwenyewe kabla hawajasikia kwingine. Niliwaonyesha picha zote mbili ukutani.  Kisha binti mmoja wa mstari wa nyuma, ambaye tangu mwaka uanze hajawahi kuuliza swali, akanyanyua mkono.

"Mwalimu, sasa yeye anaishi wapi?"

"Humo humo. Kwenye hiyo nyumba."

"Na hii picha ya kwanza alishaiona?"

Nikasema sijui. Shangazi, niliposema hivyo ndipo nilipojua kwamba kwa miaka sita sijawahi kujiuliza. Mkuu wa chuo amesema nisirudi muhula ujao. Sikubishana naye.

Mke wangu nilimwambia mwishoni kabisa, baada ya wageni wote hao. Hilo nalo limemuuma. Alinisikiliza akiwa anapiga pasi, akapasi shati lile lile mpaka nikahofia litaungua. Akasema, "Kila mara nilipokuuliza kwa nini hatwendi kwa Shangazi, uliniambia njia mbaya." Tangu siku hiyo tunaongea, lakini kwa adabu, kama wapangaji.

Studio ipo. Wateja wa picha za hati hawajali nani alifuta nini.

Siombi msamaha kwa barua. Naomba ruhusa ya kuja. Ukisema nisije, sitakuja.

Chongo


24 Agosti

Mwanangu Chongo,

Marahaba. Hujambo wewe, na mkeo hajambo? Mpe pole, mwambie imetoka kwangu. Mapacha wameanza kukaa, ukiwaweka wanaangukiana. Dada yako amesoma barua zako kwa sababu nilimpa azisome. Alilia, halafu akakasirika, halafu akaenda kupika. Sasa amekasirika tu.

Afisa alirudi wiki mbili zilizopita. Safari hii alikuja na picha kubwa, upana wa meza. Akaitisha tena kikao darasani, maana alisema aliyoyasema mbele ya watu atayafuta mbele ya watu. Akaibandika. Watu wakasogea, mwashi akawa wa kwanza kuweka kidole. "Hilo hapo jiwe langu," akasema, na asingeweza kuliona kwa mbali vile, lakini tulimwachia. Afisa akaniomba radhi. Baadaye akaja nyumbani na brashi, akaipaka chokaa ile alama nyekundu yeye mwenyewe. Bado inaonekana kwa chini, kama jeraha lililopona vibaya. Nyumba inabaki. Imeandikwa kwenye jalada jipya na namba imepewa.

Kuna sharti moja. Wanataka nipake paa lote rangi ya udongo ili lisiharibu mandhari. Nilimwambia afisa nimeshawahi kufichwa na fundi mwenye elimu yake, sihitaji rangi. Alikohoa. Sharti limewekwa kando kwa sasa.

Nilijiona pichani. Sikuwa nakutafuta wewe peke yako, usijipe ukubwa. Kwenye kamba kulikuwa na mashati ya kaka yangu, baba yako, niliyoyafua ili nikupe uondoke nayo, na nilitaka kujua kama utapita kuyachukua kabla hayajakauka. Hukupita. Niliwagawia mwashi na wengine.

Sasa nami niseme langu, maana umesema yako yote na mimi nimekaa kama sina.

Ile kalenda niliiona mwaka ule ule ilipotoka. Ilitundikwa zahanati, kwenye chumba cha kusubiria, mimi bado nikiwa kazini. Niliitazama mara moja tu, nikajua ulichofanya. Mtu anajua nyumba yake ilipo. Wanawake wakaniuliza, "Mkunga, ya kwako iko wapi hapo?" Walikuwa wanajivunia kwa ajili yangu. Nikawaambia, "Ya kwangu haimo, imejificha nyuma ya kilima." Kilima gani? Hakuna kilima pale, nao wanajua. Wakanyamaza kwa heshima. Karani alikuwa dirishani akasikia, na miaka sita baadaye afisa alipomuuliza, akasema alichosikia. Hakusema uongo. Mwenye uongo nilikuwa mimi.

Nilisema vile kwa sababu niliona haya. Sikuonea haya paa. Niliona haya kuwa na mtoto anayenionea haya, na sikutaka wajue. Kila siku kwa miaka mitatu nilipita mbele ya ile kalenda nikienda kunawa mikono. Hata ilipopita mwaka wake hawakuitoa, kwa heshima yangu. Na nilipokuandikia Februari kwamba huenda ulisimama mahali ambapo nyumba haionekani, nilikuwa najua. Nilitaka uniambie. Nilipopata ule ukungu wako nikaudaka, nikaupeleka kikaoni, nikasimama nao mbele za watu huku nikijua ni uongo. Kwa hiyo usidhani waliponicheka nilikuwa naonewa.

Sijui mambo haya mtu anayaandikaje yakaisha. Nimekaa na kalamu tangu asubuhi, na chai imepoa mara mbili.

Umeomba ruhusa ya kuja. Dada yako anasema niache kwanza hasira zinitoke, mpaka sikukuu za mwisho wa mwaka, ndipo nikukaribishe kwa uso mzuri. Sikubaliani naye. Hasira bado ninazo, usiku na mchana, na nikikupokea zikiwa zimeisha utakula, utalala, utaondoka ukidhani halikuwa jambo kubwa. Basi njoo sasa. Njoo nikiwa bado sijapoa.

Shangazi yako